Anza na pakiti tupu za sabuni

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwafundisheje wanafunzi wa kidato cha pili kununua kwa akili bila kuwachosha kwa nadharia. Mimi ningefunga kitabu kwanza.

Waambie walete pakiti tupu kutoka nyumbani: sabuni ya unga, majani ya chai, biskuti. Tuseme pakiti ya gramu 50 ni shilingi 300 na ya kilo moja ni shilingi 5,000. Waache wazidishe wenyewe: pakiti ndogo 20 zinafika shilingi 6,000. Darasa litalipuka, nakwambia. Hapo kuwa macho, maana hakosekani wa kusema basi mama yake hana akili. Mrudishe taratibu. Mwenye 300 mkononi hawezi kununua kilo, na hilo nalo ni somo, pengine kubwa kuliko hesabu yenyewe. Waulize: majirani wanne wakichangia kilo moja, kila mmoja ataokoa ngapi? (Ni shilingi 250: kila mmoja anatoa 1,250 badala ya 1,500 za pakiti ndogo tano.)

Kisha wageuze pakiti: uzito halisi, tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Waeleze kwamba alama hiyo inahusu ubora, haisemi kama bei ni ya haki. Kukagua mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Waitafute stika yake kwenye mizani ya dukani.

Risiti usiisahau. Bila risiti, kurudisha redio mbovu ni kubembeleza tu.

Matangazo ya kwenye simu na kamari yaweke wiki ya pili, kwa sababu mjadala huo hauwezi kuisha katika kipindi kimoja.