Kabla hujaghairi safari ya meli, ngoja kwanza

Wakati wa janga kama la Covid, hasara ya safari ya meli ya kitalii humwangukia yule aliyeghairi. Kampuni ikighairi, sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 inaitaka ikurudishie fedha zote ndani ya siku 14. Ukighairi wewe kwa hofu, kwa kawaida utakatwa ada, na ada hiyo hupanda kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia.

Mwaka 2020 mimi na shemeji tulikuwa na nafasi kwenye meli moja ya kutoka Southampton. Yeye alighairi Machi, arubuni yake ikapotea yote. Mimi na mke wangu tulingoja, tukiiangalia tarehe ya kumalizia malipo, na kabla haijafika kampuni ikaifuta safari yenyewe. Hapo wakatupa chaguo: fedha taslimu, au vocha ya asilimia 125 ya tulicholipa. Kampuni nyingi zilitoa vocha za namna hiyo, na kwa macho ni faida. Mke wangu alikataa palepale, na alikuwa sahihi kabisa. Vocha ni ahadi ya kampuni ambayo meli zake zimetia nanga na haiingizi kitu. Julai mwaka huohuo Cruise & Maritime Voyages, kampuni ya meli za kitalii ya Uingereza, ilifilisika.

Meli ziliporudi baharini, mzigo ulihamia kwa abiria. Aliyepimwa akakutwa na virusi alizuiwa kupanda, na meli ikaondoka. Kampuni haikuwa imeghairi chochote, kwa hiyo kilichobaki ni bima yake, na bima hizi zinatofautiana sana. Usiridhike na maneno "inahusisha Covid". Tafuta mistari mitatu: je, inalipa ukikutwa na virusi kabla ya kuondoka? Inalipa ukifungiwa chumbani melini ingawa huumwi? Na ukishushwa bandari ya ugenini, hoteli na tiketi mpya ya ndege ni za nani? Huo wa tatu ndio unaoumiza watu, maana bili yake haina kikomo unachoweza kukikisia.

Angalia pia ushauri wa serikali. Tarehe 9 Julai 2020 serikali ya Uingereza iliwashauri watu wasisafiri kwa meli za kitalii, na bima nyingi hazilipi mtu akisafiri kinyume cha ushauri huo.

Lipa kwa kadi ya mkopo. Kwa bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000, sheria ya Uingereza inaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji usipopata ulicholipia.

Na kama unawaalika wazazi kutoka Dar au Mombasa mpande nao, bima zinazouzwa hapa Uingereza kwa kawaida ni za wakazi tu. Wakate yao huko nyumbani kabla ya kupanda ndege, na uombe wakutumie masharti yote, uyasome mwenyewe mstari kwa mstari.