Maswali Yenu: Hii bolingi kwa TV ilitoka wapi?

SWALI: Mhariri, hapa kinyozi Kondele mechi zikiisha TV hubaki kwa chaneli ya michezo, mara watu wanaviringisha mpira kuangusha pini na umati unapiga nduru ka Gor imefunga. Kwani nani huangalia hii kitu? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu, Marekani walikuwa wanaangalia sana! Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilianzishwa 1958 na wakili Eddie Elias, na toka miaka ya 60 hadi 1997 stesheni ya TV ya ABC ilikuwa inaonyesha Jumamosi mchana, Chris Schenkel akitangaza. Utamu ni vile fainali imepangwa: wanabaki watano, wa tano anacheza na wa nne, mshindi anapanda kwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka kwa namba moja ambaye amekaa tu akingoja, so mtu wa chini anaweza fagia wote mchana mmoja. ABC ilipoachana nao pesa ikakauka, 2000 majamaa watatu waliowahi kuwa Microsoft wakanunua PBA yote, ESPN ya kebo ikawa ndio nyumbani, halafu 2019 ikaenda stesheni ya Fox. Mimi nakushauri tafuta fainali ya bolingi ya U.S. Open ya 2012, mchezaji Pete Weber anahitaji straiki (kuangusha pini zote kumi kwa mpira mmoja) kwa mpira wa mwisho, anaipata, anashinda kwa pini moja, 215 kwa 214, halafu anabweka maneno hata yeye sidhani aliyaelewa.