Chagua saa kwa siku yako ndefu kuliko zote

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya viatu na chakula ili nijibu yale ya saa janja, maana yamerundikana. Wengi mnataka niwatajie saa iliyo bora. Kabla ya kulijibu hilo, nami nina langu: zoezi lako refu kuliko yote huchukua muda gani, na ukiwa katikati yake huwa unatazama nini mkononi? Ukishayajua hayo mawili, saa nyingi zinajiondoa zenyewe.

Shikamoo Kocha. Najiandaa kwa nusu marathoni yangu ya kwanza, na simu yangu inapima umbali vizuri. Ni lazima ninunue saa?

Marahaba. Si lazima. Simu ina GPS yake na itakupimia kilomita zako bila shida. Taabu ni kwamba iko mfukoni wakati ule unapotaka kujua unakwendaje, na kuitoa, kuiwasha na kuisoma kwa vidole vyenye jasho kunakuvurugia hatua. Saa unaitupia jicho tu, unaona, unaendelea. Lakini kama unakimbia mara mbili tatu kwa wiki na soli za viatu vyako zimelika, anza na viatu.

Saa moja imeandikwa kwamba betri hudumu siku 14, nyingine saa 36. Ya kwanza si ndiyo bora?

Usizilinganishe kabla hujajua kila namba inapima nini. Siku 14 ni za saa inayokaa mkononi ikipokea ujumbe na kuhesabu hatua. Ukiwasha GPS hesabu inabadilika kabisa. Tafuta mstari unaotaja muda wa kurekodi mazoezi GPS ikiwa imewashwa, tena kwa usahihi wa juu. Nasisitiza usahihi wa juu kwa sababu saa nyingi zina hali ya kubana betri ambayo hunasa mahali ulipo kwa nadra. Njia yenye kona nyingi hutoka imenyooshwa, na kilomita ulizozitolea jasho zinapotea.

Kisha pima kwa siku yako ndefu. Marathoni ya saa nne au tano inamudiwa na karibu kila saa ya mazoezi ikiwa mpya. Mashindano ya Ironman, yenye kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, kwa kawaida hufungwa baada ya saa 17. Mbio za UTMB, zinazozunguka mlima Mont Blanc kwa takriban kilomita 170, humpa mkimbiaji saa 46 na nusu. Watu hawa watatu wakinunua saa ya aina moja, basi kuna aliyelipia asichokihitaji au atakayezimikiwa njiani.

Mimi huongeza nusu juu ya hitaji: ukitaka saa 12, tafuta inayoahidi 18 au zaidi. Betri ya lithiamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda, baridi kali huipunguza nguvu, na kusikiliza muziki kutoka kwenye saa kunaila haraka. Skrini nayo ina sehemu yake. Ile ya AMOLED inapendeza na kung'aa, ila inajitolea mwanga wake yenyewe, na mwanga huo unatoka kwenye betri. Kuna skrini nyingine zinazotegemea mwanga wa nje: ndani ya nyumba zinaonekana zimefifia, lakini juani zinasomeka vizuri na hula chaji kidogo sana. Kwa mtu wa masafa marefu sana, mimi bado napendekeza hizo.

Nikianza tu kukimbia taratibu, saa inaonyesha mapigo 175 kwa dakika, ilhali naongea na mwenzangu bila shida. Saa ni mbovu, au moyo wangu una tatizo?

Nashukuru kwamba umeuliza badala ya kukaa na hofu. Mwanariadha mmoja ninayemfundisha alinijia na namba kama yako. Tulitoka pamoja kwa mwendo mwepesi, akinisimulia habari za nyumbani bila kukatisha sentensi, na saa yake ikang'ang'ania 172. Nikaanza kuhesabu nyayo zake. Dakika ya kwanza alikanyaga mara 171, ya pili 173. Tuliposimama nikamwambia aweke vidole viwili pembeni mwa koo na ahesabu kwa sekunde 15. Akapata 33, yaani 132 kwa dakika. Saa ilikuwa ikihesabu miguu.

Inatokea hivi. Taa za kijani zilizo mgongoni mwa saa humulika ngozi, na hemoglobini iliyo kwenye damu hunyonya mwanga huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa na mwanga unaorudi hupungua. Saa hutafuta mdundo katika kupanda na kushuka huko. Lakini mkono unaotikisika kila unapokanyaga nao una mdundo wake, na kama saa imelegea, mdundo wa hatua unakuwa mkubwa kuliko wa damu.

Kwa hiyo vuta saa juu kidogo, upana wa kidole kimoja au viwili kutoka kwenye kile kifundo cha mfupa, na ukaze mkanda hadi saa isiteleze ukitikisa mkono. Usikaze hadi vidole vife ganzi. Jipashe moto taratibu, kwa sababu mkono wa baridi una damu kidogo karibu na ngozi. Kama una chale ya wino mahali hapo, hamishia saa mkono mwingine. Melanini ya ngozi nyeusi pia hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo sisi tuna sababu zaidi ya kuivaa saa vizuri na kuihakiki kwa vidole.

Ukifanya mbio za vipindi, dakika moja kasi na moja polepole, nunua mkanda wa kifuani. Huo hupima umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo mapigo yakipanda ghafla unayaona papo hapo, wakati saa ya mkononi mara nyingi huchelewa. Si kitu kipya: kampuni ya Polar ya Ufini ilitoa kipima moyo cha wanariadha kisicho na waya mwaka 1982. Kabla ya kununua, hakikisha tu kwamba saa yako inapokea Bluetooth au ANT+, njia mbili za kutuma taarifa bila waya, kutoka kwenye mkanda.

Ila nisikilize hapa, ndugu yangu. Ukihesabu kwa vidole na bado ukapata 175 kwenye mwendo wa maongezi, au ukahisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kurukaruka, acha mazoezi uende kwa daktari. Hapo usisubiri saa ikuthibitishie.

Nilikimbia marathoni na saa ikaonyesha kilomita 42.7. Waandaaji walipima vibaya?

Yaelekea walipima vizuri. Njia ya marathoni iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kilichofungwa kwenye gurudumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Wewe ulipita nje ya kona, ukawakwepa watu, ukaenda upande wa pili kuchukua maji. Juu ya hayo, majengo marefu hurudisha mawimbi ya satelaiti na saa ikadhani uko barabara ya pili. Saa zinazopokea masafa mawili ya mawimbi, L1 na L5, hupunguza makosa mahali pa namna hiyo. Mkimbiaji wa mjini au wa kwenye mabonde atauona msaada wake. Wa barabara za wazi hana haja ya kulipia zaidi.

Madhara yenyewe ni haya. Saa nne kamili kwa kilomita 42.195 ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Ukiishika namba hiyo kwenye saa inayohesabu 42.7, utamaliza karibu dakika tatu baada ya saa nne, na utalia. Zima kipengele kinachoifanya saa ihesabu yenyewe mwisho wa kila kilomita, na ubonyeze kitufe kwa mkono wako kila unapopita kibao cha kilomita. Ndiyo maana napenda saa zenye vitufe halisi: skrini ya kugusa haikusikii ukiwa umelowa jasho au umevaa glavu.

Imeandikwa ATM 5. Naweza kuogelea nayo?

Ndiyo, kuogelea kwa kawaida. Ni kipimo cha shinikizo lililo sawa na la mita 50 za maji yaliyotulia, wala si ruhusa ya kupiga mbizi hadi huko. Usibonyeze vitufe chini ya maji, na ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Jua pia kwamba mawimbi ya GPS hayapiti majini, hivyo saa hunasa satelaiti pale mkono unapoibuka tu. Usishangae mstari wa ramani ukiyumba.

Saa inaniambia VO2max yangu imeshuka hadi 41 na nipumzike saa 60. Nitii?

VO2max ni kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kutumia ukijitahidi kwa nguvu zote. Ile halisi hupimwa maabara, ukiwa na barakoa usoni. Saa inakisia kwa kulinganisha kasi yako na mapigo yako. Jua kali, njia ya matope au mkanda uliolegea vinaiteremsha, na wewe uko vilevile. Angalia pia mapigo ya juu kabisa yaliyoandikwa humo. Mara nyingi ni ile hesabu ya 220 ukitoa umri, ambayo kwa mtu mmoja mmoja inaweza kupotoka kwa mapigo 10 au zaidi. Tazama mwelekeo wa wiki sita, wala usibabaike na namba ya leo. Kuhusu mapumziko, kama miguu ni mizito na usingizi ulikuwa mbaya, pumzika. Kama uko mzima, kimbia taratibu.

Nakimbia peke yangu alfajiri. Ni salama ramani zangu kuonekana?

Zifiche, dada yangu, leo hii. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilionekana ikichora kambi za kijeshi kwa sababu tu askari walikuwa wakikimbia ndani yake. Kama kambi ilionekana, mlango wako nao utaonekana. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa kila mbio, na ruhusu unaowajua tu.

Ndugu ananiuzia saa yake ya miaka mitano. Niikague vipi?

Ichaji ijae, toka nje, washa GPS na uivae kwa muda wa saa moja ukitembea. Kisha tazama asilimia. Ikiwa imekula 10, ichukue. Ikiwa imekula 20, imebakiwa na uwezo wa saa tano hivi: inakutosha kwa mazoezi ya wiki, lakini mtu wa marathoni ya saa nne na nusu asiitegemee siku ya mbio.