Nyumba za shimoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 12 amekazana kuniambia kwamba ile sayari yenye majua mawili kwenye Star Wars ya kwanza imechorwa yote kwa kompyuta. Mimi nilipoziona zile nyumba nilihisi kuna watu wanaishi mle kwelikweli. Nani yuko sahihi? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Macho yako hayakukudanganya. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1977, na Machi 1976 mwongozaji wake, George Lucas, na kikosi chake walikuwa kusini mwa Tunisia wakipiga picha. Hata jina la sayari, Tatooine, limetokana na mji wa huko uitwao Tataouine.

Nimefika mwenyewe. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipohamia Tunis kwa muda kutoka Abidjan, mume wangu alikuwa akifanya kazi kule, tukakaa miaka mitatu. Likizo moja ya Agosti tukateremka kwa gari hadi Matmata. Ukifika huoni kijiji. Unaona vilima vya udongo rangi ya mkate, kisha ghafla shimo kubwa miguuni pako, na chini yake ua, kuku, na kamba ya nguo. Vyumba vimechimbwa kwenye kuta za shimo, milango yote ikitazama uani. Waberberi, wenyeji wa asili wa pale, wamejichimbia hivyo kwa vizazi vingi, kwa sababu udongo wake unachimbika kwa urahisi na bado unasimama bila nguzo. Nje tulikuwa tunaungua. Ndani kulikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini, nikajitanda khanga yangu vizuri.

Hoteli ya Sidi Driss, hapo hapo Matmata, ni mashimo kadhaa ya namna hiyo yaliyounganishwa. Ndimo Luke, yule kijana shujaa wa filamu, anamokula na walezi wake. Nilikunywa chai ya mnanaa chini ya dari lile lile.

Sasa sikiliza ufundi wao. Lile kuba jeupe la nyumbani kwao, linaloonekana kwa nje, haliko Matmata hata kidogo. Liko upande wa mji wa Nefta, kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale. Kwa hiyo Beru, mke wa mjomba wake, anapomwita Luke naye akachungulia shimoni, mmoja yuko Matmata na mwenzake yuko kwenye chumvi. Aliyewakutanisha ni mhariri wa filamu. Jua moja ni la Tunisia. La pili ndilo lililoongezwa baadaye, ingawa si kwa kompyuta, kwa hiyo hapo mwanao ana haki yake kidogo. Kuba lile lilichakaa sana, na mwaka 2012 mashabiki wakachanga fedha wakalikarabati.

Lakini kilichonishika moyo zaidi ni Ksar Hadada, huko huko kusini mwa Tunisia, mahali palipotumika kwa filamu nyingine ya Star Wars, ile ya 1999. Ni ghala la zamani: vyumba vya kuba vilivyopandana kama masega ya nyuki, na ngazi nyembamba za nje. Watu walihifadhi humo nafaka na mafuta ya zeituni. Mzee mmoja alinionyesha chumba akasema, "Ghorfa." Nikashtuka. Ni neno letu, ghorofa! Wao na sisi tumelichota kwenye Kiarabu kimoja, wao wakabaki nalo kwa chumba, sisi tukalipandisha juu. Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha kubabaisha, akafurahi, akanishika mkono kunipandisha hadi juu.

Kwenye filamu hiyo ya 1999, ghala hilo limekuwa makazi ya watumwa. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Pale ndipo watu walipoweka akiba ya kuwavusha kwenye miaka ya ukame. Waliobuni umbo lile linaloonekana geni sana kwenye skrini ni wakulima na wafugaji wa Afrika, waliolihitaji ili waishi. Ningependa mwanao alijue hilo kabla ya kujua jina la mwongozaji.

Itazameni tena ile ya kwanza pamoja. Luke na walezi wake wakifika mezani kula, simamisha picha, umwambie aangalie dari: limepakwa rangi, lakini juu ya rangi ile ni udongo mtupu wa Matmata, na juu ya udongo huo watu wanapita.