Miwati bondeni Mufindi: usichome moto

Pole ndugu. Umesema miwati ya jirani (miti ya jamii ya akasia) imeshuka hadi bondeni kwako Mufindi, mkoani Iringa, chemchemi imepungua, na sasa unataka kuichoma. Usichome! Mti huu wa Australia una mbegu zenye gamba gumu, hulala udongoni miaka na miaka. Moto huzizindua, mvua ikinyesha miche inaota kama mchicha.

Midogo ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa, mzizi wote utoke. Mikubwa kata chini kabisa, kisha menya gome la kisiki mpaka ardhini. Rudia kila mwaka (hapo ndipo wengi huchoka). Dawa ya magugu karibu na maji sikushauri. Na kabla ya kukata ndani ya mita 60 za chemchemi, muone kwanza afisa misitu wa wilaya.