Maswali na Majibu: Chaguzi za madiwani wa Tower Hamlets, London

Maswali ya safari hii yote yanahusu manispaa moja ya mashariki mwa London. Tumeyafupisha, hatukuyabadili maana.

Natafuta matokeo ya udiwani ya Tower Hamlets ya miaka ya 1930 na siyapati. Yamepotea?

Hayakupotea, unatafuta kwa jina ambalo halikuwapo. Kabla ya 1965 eneo hilo lilikuwa manispaa tatu: Bethnal Green, Poplar na Stepney. Zote ziliundwa kwa sheria ya 1899 na zikachagua madiwani kwa mara ya kwanza Novemba 1900. Sheria ya 1963 ndiyo iliyoziunganisha. Madiwani wa kwanza wa Tower Hamlets walichaguliwa tarehe 7 Mei 1964, lakini halmashauri yao ilianza kazi 1 Aprili 1965. Katika miezi hiyo kumi na moja halmashauri tatu za zamani ziliendelea kukaa, kwa hiyo usishangae kukuta seti mbili za madiwani kwa wakati mmoja.

Tafuta basi kila manispaa peke yake, mwezi wa Novemba: 1931, 1934, 1937. Baada ya hapo kuna pengo la vita hadi Novemba 1945, na kuanzia 1949 uchaguzi ulihamia Mei. Tahadhari nyingine: kuanzia 1832 hadi 1885 palikuwa na jimbo la ubunge lililoitwa Tower Hamlets. Hilo lilikuwa la wabunge tu.

Ni kweli madiwani wa Poplar waliwahi kufungwa jela? Waliiba nini?

Hawakuiba chochote. Walikataa kukusanya fedha.

Kila manispaa ya London ilijiendesha kwa kodi ya majengo iliyopimwa kwa thamani ya pango. Poplar, mtaa wa makuli na wasio na kazi, ilikuwa na nyumba za thamani ndogo na maskini wengi, na sheria ilitaka maskini walishwe na wenyeji wao. Kiwango kilekile cha kodi kikitozwa manispaa tajiri ya magharibi kilileta fedha nyingi zaidi, na kule waliohitaji msaada walikuwa wachache. Juu ya hapo, kila manispaa ilitakiwa kukusanya mafungu ya vyombo vya jiji zima: baraza kuu la London, polisi, maji, na hospitali za magonjwa ya kuambukiza na za wagonjwa wa akili.

Labour, chama cha wafanyakazi, ilishinda Poplar Novemba 1919. Mwaka 1921 madiwani, wakiongozwa na George Lansbury, waliamua kutotoza mafungu hayo ya jiji ili fedha zibaki kwa wenyeji. Mahakama iliwaamuru, wakakaidi, na mnamo Septemba madiwani thelathini kati yao wakaingia gerezani kwa kudharau amri ya mahakama. Walikaa kama wiki sita. Wanaume walikuwa Brixton na wanawake Holloway. Vikao vya halmashauri vilifanyika gerezani Brixton, na wanawake waliletwa huko kwa ajili ya kikao. Waliachiwa bila kukubali kushindwa, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kugawana mzigo wa maskini kati ya manispaa zote za London. Novemba 1922 wapiga kura wa Poplar waliwarudishia Labour halmashauri.

Mbona miaka ya uchaguzi haipangiki: 1964, 1968, 1971, 1974, 1978?

Muda wa diwani ulikuwa miaka mitatu. Uchaguzi wa 1967 ulisogezwa mbele mwaka mmoja. Kuanzia 1978 ni kila miaka minne, na viti vyote hugombewa siku moja. Usichukue mpangilio huu kuwa wa Uingereza nzima: nje ya London zipo manispaa zinazochagua theluthi moja ya madiwani kila mwaka na kupumzika mwaka wa nne.

Ukikuta halmashauri ya mwanzo ikitajwa kuwa na wajumbe 70 na pengine 60, zote mbili ni sahihi. Madiwani 60 walichaguliwa na wananchi, nao wakachagua wengine 10 wa kukaa nao. Si viti maalumu kama vya Tanzania, maana havikutengwa kwa wanawake; mara nyingi vilikuwa vya wakongwe wa chama. Vilifutwa 1978.

Nimejumlisha kura za vyama katika kata moja nikapata zaidi ya mara mbili ya waliojitokeza. Huu si wizi?

Hapana. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayetoka kwenye nchi ya diwani mmoja kwa kata. Kata nyingi za Tower Hamlets zina viti viwili au vitatu, na mpiga kura ana alama za X kulingana na idadi ya viti. Anaweza kutumia pungufu. Akizidisha, karatasi yake inaharibika. Wanaoshinda ni walioongoza kwa kura, hata wakiwa wa vyama tofauti.

Chukua mfano wa kubuni. Kata ya viti 3, watu 4,000 wamepiga kura. Labour wamesimamisha watu watatu: 1,900, 1,850 na 1,700. Liberal watatu: 1,600, 1,500 na 1,450. Conservative mmoja tu: 700. Jumla ya kura ni 10,700. Ukigawa kwa kujumlisha, Labour ina asilimia 51 na Conservative 6.5. Ukichukua mgombea bora wa kila chama (1,900, 1,600 na 700), Labour inashuka hadi 45 na Conservative inapanda hadi karibu 17. Ni kura zilezile. Njia ya pili ni bora kwa sababu haimwadhibu mwenye mgombea mmoja, ila ukiitumia itumie kwa kila chama na kila mwaka. Wengi huchanganya njia mbili kwenye jedwali moja, kisha wanaandika kwamba chama "kimeporomoka".

Kiwango cha kujitokeza kipime kwa idadi ya karatasi za kura, usipime kwa kura. Angalia pia majina: karatasi hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na mgombea wa chini mara nyingi hupata pungufu kuliko mwenzake wa chama kilekile aliye juu. Tena, kabla ya sheria ya 1969 karatasi haikuonyesha chama. Chama unachokiona kwenye matokeo ya 1964 au 1968 kimeongezwa na gazeti au mtunza kumbukumbu, na hapo ndipo makosa huingia.

BNP (British National Party) walishindaje kata ya Millwall mwaka 1993?

Kwa kura saba. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa kiti kimoja, 16 Septemba 1993: Derek Beackon wa chama hicho cha mrengo mkali wa kulia alipata 1,480, Labour 1,473, Liberal Democrats 1,284. Kura za wapinzani wake ziligawanyika, na ugomvi wa nani apewe nyumba za halmashauri ulikuwa umepamba moto. Liberal (baadaye Liberal Democrats) walikuwa wamechukua halmashauri mwaka 1986 kwa viti 26 dhidi ya 24 vya Labour, wakaigawa manispaa katika mitaa saba, kila mtaa ukiongozwa na madiwani wa hapohapo, hata kwenye ugawaji wa nyumba. Wazo la kusogeza huduma karibu lilikuwa zuri. Lakini mtaa ukiwa mdogo hivyo, siasa yake hugeuka kuwa ya "nyumba zetu".

Mei 1994 Beackon alipoteza kiti ingawa kura zake ziliongezeka. Watu wengi zaidi walijitokeza kumzuia. Labour wakarudi na viti 43, Liberal Democrats 7, na mfumo wa mitaa ukafutwa.

Meya huchaguliwa na madiwani kama Tanzania? Na ule uchaguzi wa 2014 ulifutwa kwa nini?

Tangu Oktoba 2010 meya mtendaji huchaguliwa na wananchi, baada ya kura ya maoni ya Mei mwaka huo. Lutfur Rahman alishinda akiwa mgombea binafsi, kisha tena 2014 kupitia chama cha Tower Hamlets First. Wapiga kura wanne walifungua shauri katika mahakama ya uchaguzi, na 23 Aprili 2015 jaji Richard Mawrey aliubatilisha ushindi huo. Alikuta vitendo haramu kadhaa, vikiwamo udanganyifu wa kura, hongo kwa njia ya ruzuku, na shinikizo la kidini lisilofaa. Rahman alizuiwa kugombea kwa miaka mitano.

Kilichofutwa ni ushindi wa meya, na kiti kimoja cha udiwani. Madiwani wengine walibaki. Uchaguzi wa marudio wa Juni 2015 ulichukuliwa na John Biggs wa Labour. Mwaka 2021 wananchi waliulizwa kama wafute umeya wa aina hiyo, wakaubakiza. 2022 Rahman alirudi, na chama chake kipya cha Aspire kikapata viti 24 kati ya 45.

Anayetaka kupinga matokeo ana siku 21 tu. Tume ya uchaguzi haifungui shauri kwa niaba yake, na akishindwa gharama za upande wa pili zinaweza kumwangukia.

Mimi ni mwanafunzi kutoka Kenya, naishi Whitechapel na Mkongo mmoja. Tunaweza kupiga kura?

Wewe ndiyo, mwenzako hapana. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kuishi Uingereza na miaka 18 huruhusiwa kupiga kura za halmashauri; kugombea ni kwa wenye kibali cha kuishi kisicho na kikomo, au wasiohitaji kibali. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Kongo, Burundi na Oman hazimo, mpaka mtu achukue uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine inayoruhusiwa.

Jiandikishe si chini ya siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado inafanana. Barua ya chuo au kadi ya maktaba haikusaidii. Na usiingie kwenye kibanda cha kura na rafiki wa kukuelekeza: kwa sheria ya 2023 ni kosa mtu kusimama karibu nawe hapo kwa nia ya kukushawishi.