Asichafuliwe marehemu

Swali la wiki: katika riwaya ya mapenzi, mhusika aliyefiwa na mwenza wake akae muda gani kabla ya kupenda tena ili msomaji amwamini?

Mimi muda haunisumbui. Miezi sita sawa, miaka kumi sawa. Kinachonifanya nifunge kitabu ni ile sura ya katikati, mjane anapofungua droo na kukuta barua: kumbe marehemu alikuwa na mpango wa kando! Hapo mwandishi amejirahisishia kazi. Amemchafua asiyeweza kujitetea ili mpenzi mpya apite bila kikwazo. Lakini wafiwa wengi hawakuishi na shetani. Walipenda, wakapendwa, kifo kikakatiza. Ugumu wao uko hapo hapo, na riwaya iko hapo hapo.

Wengine huyapanga majonzi kama ngazi: sura hii kukana, inayofuata hasira, mwishowe kukubali, kisha ruhusa ya kubusiana. Zile hatua tano daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si na wajane. Mimi naona watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, waliyakaribia maisha zaidi: mfiwa huenda na kurudi. Asubuhi anapaka ukuta rangi mpya, jioni wimbo mmoja unamwangusha. Mapenzi mapya hayangoji majonzi yahame, yanayakuta ndani.

Mwandishi anayelijua hilo hahitaji kilio cha kurasa tatu. Nipe mjane anayejaza fomu, afike pale panapoulizwa nani apigiwe simu kukitokea dharura. Mkono unaanza wenyewe kuandika jina la marehemu. Anakata. Anamtupia jicho mwanamume aliyemsindikiza, ambaye wamejuana miezi michache tu, halafu anaandika jina la dada yake. Mwanamume ameona, hasemi kitu. Hapo sikiachi kitabu mpaka nijue atafanya nini na alichokiona.

Maana huyo mpya naye ana shughuli pevu. Anashindana na mtu asiyezeeka, asiyekoroma, asiyesahau siku ya kuzaliwa. Mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier alilishika hilo katika Rebecca, riwaya ya mwaka 1938: mke wa kwanza amekufa lakini jina lake ndilo liko kwenye jalada, na mke wa pili, anayetusimulia, jina lake mwenyewe hatulijui mpaka mwisho. (Ni kweli, marehemu wa humo naye anaishia kuwa mbaya. Ila ile ni hadithi ya hofu, haikuandikwa kumfariji mtu.)

Ninayoitafuta bado ni riwaya ambamo huyo wa pili ndiye anayeulizia habari za marehemu, kwa wivu kidogo na udadisi mwingi: alikuwa akichekeshwa na nini? Na mjane ajibu kwa kirefu, mpaka jamaa ajute kuuliza.